Shajara ya mradi: Ukumbi wa Jiji la Philadelphia kwa kipimo cha 1:200

Mwanzo wa Januari. Kipimo

Mradi wa mwaka huu ni Ukumbi wa Jiji la Philadelphia, Marekani. Jengo zima, si mnara peke yake. Kipimo ni 1:200. Kuanzia barabarani hadi kofia ya sanamu ya William Penn, mwanzilishi wa jiji, iliyosimama kileleni ni mita 167, kwa hiyo wangu utafika sentimita 83 na nusu. Kwa chini, jengo lina takriban mita 148 kaskazini hadi kusini na 143 mashariki hadi magharibi. Mezani hizo ni sentimita 74 kwa 71 na kidogo. Likiwa kubwa mara mbili ya hapo halipiti mlangoni. Likishushwa hadi 1:500, sanamu zaidi ya 250 zilizolizunguka zinakuwa chembe za vumbi, na bila hizo sanamu hutalitambua.

Watu wengi huvutwa na urefu wake. Wana haki: kuanzia 1894 hadi 1908 hapakuwa na jengo la kukaliwa na watu lililokuwa refu kuliko hili duniani, mpaka Singer Building ya New York ilipolipita. Mimi kinachonivuta ni uzito. Jengo hili linajibeba lenyewe kwa mawe na matofali, hakuna fremu ya chuma iliyofichwa ukutani. Karibu kila lililolipata, kuchelewa, kugharimu, kuchekwa na mwishowe kunusurika, limetokana na uzito huo. Modeli ikikamilika halafu mtu aitazame bila kuuona uzito, nitakuwa nimetengeneza keki ya harusi.

Januari, wiki ya pili. Kiwanja

Plaiwudi ya msingi imekatwa, na juu yake nimechora kwa penseli mistari miwili inayokatana: Broad Street na Market Street. Ni lazima nianzie hapo, kwa sababu jengo lenyewe lilianzia hapo karibu miaka 200 kabla halijajengwa.

Mwaka 1682 Penn na mpimaji wake, Thomas Holme, walichora jiji la mitaa iliyonyooka kati ya mito miwili, Delaware na Schuylkill, wakaacha viwanja vitano vya wazi: vinne pembeni, kimoja katikati. Cha katikati kilikusudiwa kuwa mahali pa majengo ya umma. Lakini jiji halikufuata mchoro. Watu walibanana upande wa Delaware, kwenye bandari na biashara, kiwanja cha katikati kikabaki porini. Mwaka 1801 kilipata kazi ambayo Penn hakuiota: kituo cha kusukuma maji kwa mashine za mvuke, kilichobuniwa na Benjamin Henry Latrobe, chenye nguzo na kuba kama hekalu dogo linalotoa moshi. Kilibomolewa 1829. Baadaye zile barabara mbili zikapita katikati na kukigawa kiwanja vipande vinne.

Kilichobadilisha mambo ni mwaka 1854. Hapo jiji liliunganishwa na kaunti yote, na eneo lake likaruka kutoka kama kilomita za mraba 5 hadi zaidi ya 330. Ghafla kulikuwa na polisi, mahakama, kodi na kumbukumbu za watu wengi mno kuliko ofisi za Chestnut Street, pale jirani na Independence Hall, zilivyoweza kubeba. Mwaka 1870 wapiga kura waliulizwa: jengo jipya liwe Washington Square au Penn Square, yaani kile kiwanja cha katikati? Wakachagua cha katikati. Kazi ikaanza 1871.

Ndiyo maana jengo limekaa juu ya njia panda kabisa. Magari yanayokuja kwa Broad au Market yanalikuta mbele yao na kulazimika kulizunguka. Mtembea kwa miguu anapita kwenye matao makubwa, moja kila upande, na kutokea kwenye behewa la katikati, yaani uwanja wa ndani. Mnara hauko katikati ya jengo kama wengi wanavyodhani wakiona picha za mbali. Uko upande wa kaskazini, juu ya tao la kaskazini, lakini umekaa sawasawa kwenye mstari wa Broad Street. Nimeuweka mstari huo kwa wino mwekundu, kwa kuwa vipimo vingine vyote vitategemea huo.

Mwishoni mwa Januari. Ukuta wa chini ya mnara

Kazi ya wiki hii ilikuwa kipande kidogo tu cha jengo, na ndicho nilichokingoja.

Kuta za mnara pale chini zina unene wa mita 6.7. Iandike tena: mita sita na sentimita sabini za unene, si urefu. Kwa kipimo changu ni sentimita 3.35. Kadibodi ninayotumia ina milimita 2, kwa hiyo nimekata vipande, nikavipaka gundi na kuvibandika kimoja juu ya kingine, nikavibana kwa vibanio usiku kucha, halafu nikasugua kingo kwa msasa hadi mistari ya tabaka ikapotea. Si yote: upande mmoja nimeuacha mistari ionekane.

Mzee mmoja seremala, ambaye hunikopesha vibanio, alipokuja kuvichukua alikigeuza kile kipande mkononi.

“Kijana, huu ni mnara au kigogo?”

“Ni mnara, mzee. Ndani mna shimo la lifti.”

“Shimo dogo hivi? Sasa watu wanakaa wapi?”

Ndilo swali lenyewe. Ukuta unaobeba hauna ujanja: kila tofali linabeba yote yaliyo juu yake. Ukiongeza urefu juu, unaongeza unene chini, na unene huo unajilisha kwenye vyumba. Jengo la Monadnock la Chicago, ambalo nusu yake ya kaskazini ilikamilika 1891, hutajwa kila mara kama mwisho wa kuta za kubeba kwa majengo ya ofisi. Lina ghorofa 16 na kuta za chini zina kama mita 1.8. Kwa kipimo changu hizo ni milimita 9. Nimekata kipande cha milimita 9 na kukiweka kando ya kile cha mnara wa Philadelphia. Hakuna maelezo mengine yanayohitajika. Nitavitia vyote viwili kwenye sanduku la maonyesho.

Na wakati mafundi wa Philadelphia wakiendelea kupanga matofali, milioni 88 kwa jumla, huko huko Chicago Home Insurance Building ilikuwa imeshasimama tangu 1885 kwa fremu ya chuma, kuta zake zikiwa nyepesi kwa sababu chuma ndicho kilichobeba. Teknolojia ya Philadelphia ilizeeka mikononi mwa waliokuwa wakiitumia. Sioni aibu ndani yake. Jengo lililoanza 1871 halingeweza kujua habari za 1885, na ukishafika nusu ya ukuta wa mita 6.7 hurudi nyuma.

Matofali sikuyachora. Kwa 1:200 tofali moja ni kama milimita moja, na anayetaka kuchora milioni 88 namtakia heri.

Februari. Tume

Gundi inakauka, kwa hiyo naandika.

Jengo halikusimamiwa na meya wala baraza la madiwani. Sheria ya jimbo ya 1870 iliunda tume ya kusimamia ujenzi wa majengo ya umma, ambayo haikuchaguliwa na wananchi, ilijijazia yenyewe nafasi zilizoachwa wazi, na iliweza kulidai jiji fedha bila jiji kuwa na la kusema. Samuel C. Perkins aliiongoza kwa takriban miongo mitatu. Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 4 Julai 1874, na tume ikavunjwa 1901, kazi ilipohesabiwa kuwa imekwisha. Gharama ilikuwa imepita dola milioni 24.

Mtu akisoma magazeti ya wakati huo atakuta malalamiko ya ubadhirifu na ya kazi za kupeana, na sishangai: fedha nyingi, miaka mingi, uwajibikaji mdogo. Lakini kuna upande wa pili ambao husahaulika. Baraza linalobadilika kila uchaguzi lingeshakata mnara katikati. Tume isiyomwogopa mpiga kura ilimaliza. Sisemi ni njia nzuri ya kuendesha jiji, nasema ndiyo njia iliyolifikisha jengo hili mita 167.

Msanifu, John McArthur Mdogo, mzaliwa wa Uskoti, hakuuona mwisho. Alifariki Januari 1890. Aliyemsaidia kwa miaka mingi, Thomas Ustick Walter, yule yule aliyebuni kuba la Bunge la Marekani kule Washington, alifariki 1887. Wawili hao walichora, wengine wakamalizia, W. Bleddyn Powell ndiye aliyelifikisha ukingoni.

Mwanzo wa Machi. Kuta za nje na paa

Pande tatu za nje zimesimama. Mtindo ni ule wa Ufaransa wa enzi za Napoleon III: paa lenye miteremko mikali inayovunjika na kuwa bapa juu, mabanda yaliyojitokeza kwenye pembe na katikati ya kila upande, nguzo zilizopangwa jozi jozi, madirisha yaliyochomoza paani kila moja likiwa na taji lake. Upanuzi wa Louvre ndio uliowasha moto huo, na Marekani ya baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe iliupenda sana kwa majengo ya serikali. Jengo la wizara za nje, vita na jeshi la majini kule Washington, lililoanzwa mwaka ule ule wa 1871, ni ndugu yake.

Shida ya mitindo ni kwamba haingoji mafundi. Washington walimaliza 1888. Philadelphia walimaliza 1901, wakati wasanifu walikuwa wameshahamia kwenye majengo meupe, yaliyotulia, yenye safu za nguzo za Kirumi. Kwa hiyo siku jengo lilipokabidhiwa lilikuwa jipya na la kizamani kwa pamoja. Kuna kizazi kizima cha watu wenye elimu ya usanifu waliolitazama kwa haya.

Kwa mjenzi wa modeli, mtindo huu ni mateso matupu. Hakuna mahali ukuta unapokwenda moja kwa moja kwa zaidi ya sentimita chache. Nimeunda kila upande kwa ngazi tatu za kina: ukuta wa nyuma, ubao wa madirisha, na tabaka la nguzo. Nguzo ni vijiti vya meno vilivyokatwa. Ukitazama kwa makini utaona hila ya McArthur: kwa nje macho yanahesabu tabaka chache kubwa, kwa sababu kila tabaka la nguzo limekumbatia mistari miwili ya madirisha. Kwa ndani kila mstari ni ghorofa. Ndivyo vyumba karibu 700 vilivyofichwa kwenye jengo linalotaka kuonekana kama kasri na siyo ofisi ya kulipia kodi.

Rangi ilinichukulia muda wa kuamua. Chini ni graniti, juu ni marumaru nyeupe iliyotoka Lee, Massachusetts. Lakini kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 hakuna aliyeiona nyeupe. Moshi wa makaa ya mawe uliigeuza nyeusi, na usafishaji mkubwa wa nje ulianza miaka ya 1990 na kuendelea kwa miaka mingi. Nimechagua marumaru iliyosafishwa, yenye ukijivu wa mvua chini ya kingo. Masizi yana historia yake, ila yanameza vivuli, na kwa kipimo hiki vivuli ndivyo vinavyochonga.

Machi, baadaye kidogo. Ngazi

Kwenye pembe nne kuna ngazi za mawe zenye umbo la pembe nane, zinazopanda bila nguzo ya katikati: kila kidato kimeshikwa ukutani upande mmoja na kulalia kidato cha chini yake. Nimetengeneza moja tu, pembe ya kusini-magharibi, na paa lake linafunuka. Nyingine tatu ni maboksi matupu. Hakuna atakayefunua.

Aprili. Calder

Mchongaji Alexander Milne Calder alitoka Aberdeen, Uskoti, akafika Philadelphia 1868, na tangu 1873 akafanya kazi ya jengo hili kwa takriban miaka 20. Sanamu zaidi ya 250, za mawe na za shaba nyeusi, zote zimepita mikononi mwake kwa njia ya vielelezo vya udongo na plasta kabla wachongaji na wasubu hawajazipokea. Misimu ya mwaka, mabara, sanaa, sayansi, haki, toba, wanyama. Kwenye vichwa vya nguzo za lango la kusini kuna paka wanaowinda panya, wadogo, pale ambapo mtu anayekimbilia kesi yake mahakamani hatawaona kabisa. Hao paka ndio wananiambia Calder alikuwa mtu wa namna gani. Mzigo wa tume na siasa ulikuwa juu yake, na bado alipata nafasi ya kucheza.

Ukoo wake uliendelea na jiji lile lile. Mwanawe, Alexander Stirling Calder, ndiye aliyechonga chemchemi ya Logan Circle, na mjukuu ni yule Alexander Calder wa sanamu zinazoning'inia na kuzunguka kwa upepo. Mojawapo, iitwayo Ghost, yaani Roho, imetundikwa ndani ya jumba la makumbusho la sanaa la jiji. Chukua Benjamin Franklin Parkway kutoka Ukumbi wa Jiji hadi kwenye jumba hilo, unapita babu, mwana na mjukuu kwa mstari mmoja. Wenyeji wana utani wao juu ya Baba, Mwana na Roho, na jina la hiyo ya tatu linausaidia.

Kwangu sanamu nyingi ni uvimbe wa nta uliogongwa kwa sindano. Inatosha. Ukisogea nyuma hatua moja, jicho linakamilisha. Nilizozifanyia kazi kwa uangalifu ni zile za mnarani: makundi manne ya shaba, ya wenyeji wa asili wa Marekani na ya walowezi wa Kiswidi waliofika kabla ya Penn, pamoja na tai wanne. Hizo zinaonekana kutoka mbali, na zikikosewa umbo la mnara wote linapotea.

Mwishoni mwa Aprili. Pale mawe yanapoishia

Hii ni sehemu ninayotaka watu waje kuiangalia.

Mnara hauendi juu kwa mawe hadi mwisho. Takriban mita 100 juu, uashi unaishia na chuma kinaanza: saa, nguzo, kuba na kibao cha kumsimamisha Penn, yote ni chuma kilichotengenezwa na kiwanda cha Tacony, pembezoni mwa jiji, kikapakwa alumini kwa umeme na kutiwa rangi inayofanana na jiwe. Kutoka chini huwezi kutofautisha. Kuna wanaoona huo ni udanganyifu. Mimi naona ni hesabu: kama mawe yangepanda hadi juu, zile mita 6.7 za chini zingekuwa ngapi?

Nimefuata hivyo hivyo. Kadibodi inaishia sentimita 50 na kidogo. Kuanzia hapo natumia bati laini la kopo la soda, lililokatwa kwa mkasi, likakunjwa juu ya kiini cha mti mwepesi. Bati halipokei rangi kama kadibodi. Linahitaji kukwaruzwa kwa msasa mwembamba na kupakwa rangi ya awali kwanza, vinginevyo rangi inabanduka kama ngozi iliyoungua jua. Baada ya tabaka la pili la kijivu kiungo kimepotea. Nimeacha pengo la milimita moja upande wa nyuma, ambapo bati linang'aa kidogo, kwa anayetaka kujua.

Nyuso za saa ni nne, kila moja ina kipenyo cha karibu mita 8, kubwa kuliko zile za mnara wa Westminster kule London. Kwangu ni sentimita 4 kasoro nywele. Warren Johnson wa Milwaukee, mtu wa vidhibiti joto, ndiye aliyeitengeneza saa hiyo, na mishale yake ilisukumwa kwa hewa iliyobanwa. Nimechapisha nyuso kwenye karatasi nyembamba na nyuma nimeacha nafasi ya taa.

Jambo moja la uchungu kuhusu mnara huu. Ulikusudiwa kuwa mrefu kuliko kitu chochote kilichojengwa na binadamu. Wakati ukipanda, mnara wa ukumbusho wa Washington ulikamilika 1884 ukiwa na mita 169, yaani mbili zaidi. Halafu 1889 Eiffel akasimamisha mita 300 za chuma kule Paris, kwa miaka miwili na ushei. Philadelphia ilibakiwa na cheo cha jengo refu lenye watu ndani yake, na hata hicho ikakishika kwa miaka 14 tu.

Mei. Majirani

Niliulizwa kwa nini nisiweke majengo ya jirani. Nimepima: One Liberty Place, mita 288, ingekuwa mita 1.44 mezani. Sanduku haliwezi. Badala yake nimekata ufito wa plaiwudi wa urefu huo nikausimamisha ukutani nyuma, na alama ya penseli pale kofia ya Penn inapofika. Alama iko chini kidogo ya sentimita 84. Unaielewa mara moja hasira ya watu.

Kwa miongo mingi palikuwa na makubaliano ambayo hayakuandikwa kwenye sheria yoyote: hakuna jengo Philadelphia litakalopita ukingo wa kofia ya Penn. Edmund Bacon, aliyekuwa mkuu wa mipango miji, aliyatetea kwa ukali. Mwendelezaji wa majengo Willard Rouse alipoleta mchoro wa msanifu Helmut Jahn katika miaka ya 1980, mjadala ulipasua jiji, lakini neno la heshima si sheria, na 1987 One Liberty Place ikawa imesimama juu ya kofia.

Wapenzi wa michezo wakaanza kuhesabu. Timu ya mwisho kuleta ubingwa ilikuwa 76ers ya mpira wa kikapu, 1983. Tangu hapo, patupu, mwaka baada ya mwaka, na lawama zikapelekwa kwa Penn aliyefunikwa. Mwaka 2007, Comcast Center ilipokuwa inafungwa boriti ya mwisho kwa mita 297, mafundi wa chuma waliibandikia kisanamu kidogo cha Penn ili awe juu tena. Mwaka 2008 Phillies wakachukua ubingwa wa besiboli. Siamini laana, ila ningekuwa mmoja wa wale mafundi ningekibandika na mimi. Cha maana kwangu ni kwamba jengo la halmashauri, mahali pa vibali na hati za nyumba, liliweza kupanga anga la jiji kwa karibu karne nzima bila kifungu kimoja cha sheria.

Mei, mwishoni. Kwa nini bado lipo

Behewa limefungwa, tao la nne limekaa. Modeli sasa inahitaji watu wawili kuinyanyua. Nimeongeza boriti mbili chini ya plaiwudi upande wa mnara, kwa kuwa ubao ulianza kupinda pale pale.

Mara kadhaa katika karne ya 20 palitoka mapendekezo ya kuliondoa jengo hili, au kubomoa lote na kubakiza mnara usimame peke yake katikati ya barabara. Hoja hazikuwa za kipuuzi: limepitwa na wakati, linaziba magari, matengenezo yake hayaishi. Miaka ya 1950 baraza la jiji lilichunguza kwa dhati kulibomoa na kujenga jipya. Jibu lilirudi: gharama ya kuliangusha ingelifilisi jiji. Fremu ya chuma unaifungua na kuiuza chakavu. Mlima wa matofali na graniti uliofungwa kwa chokaa unabidi uuchimbe kama machimbo, katikati ya mji, na huna pa kuutupa.

Walioupenda mtindo wa kifaransa hawakuweza kuliokoa, walikuwa wachache. Liliokolewa na kuta zake. Mwaka 1976 likatangazwa alama ya kihistoria ya taifa, na leo meya, madiwani na mahakama bado wamo ndani, idara zote tatu za utawala chini ya paa moja kama ilivyopangwa.

Juni. Penn anatazama wapi

Sanamu ya Penn ina mita 11 na tani zaidi ya 24 za shaba nyeusi. Ilisubiwa vipande vipande Tacony, ikawekwa kwanza ndani ya behewa watu waitazame, kisha ikapandishwa kwa vipande na kukamilika Novemba 1894. Hadi leo hakuna sanamu kubwa kuliko hiyo juu ya jengo lolote. Yangu ina sentimita 5 na nusu, udongo wa kufinyanga juu ya waya, koti refu, kofia ya ukingo mpana, hati ya koloni mkononi.

Imeelekezwa kaskazini-mashariki, kuelekea Shackamaxon kando ya Delaware, mahali ambapo masimulizi yanasema Penn alifanya mapatano na Walenape, wenyeji wa asili wa eneo hilo. Calder hakutaka hivyo. Alitaka itazame kusini, jua liangukie uso aliouchonga kwa miaka. Walioisimamisha hawakumsikiliza, na manung'uniko yake yalibaki.

Nimejaribu kwa taa ya mezani. Nimeiweka upande wa kusini, pembe ya jua la mchana wa huko, nikamzungusha Penn kwenye pini yake. Akitazama kusini, pua na ukingo wa kofia vinatoa kivuli kimoja safi na mdomo unaonekana. Nikimrudisha kaskazini-mashariki, uso unazama wote, kinachobaki ni umbo la kofia na mabega dhidi ya mwanga. Calder alikuwa sahihi kabisa kama mchongaji. Hata hivyo modeli ni ya jengo lililopo, kwa hiyo nimemgundisha kaskazini-mashariki na nimekata pini.

Kilichobaki: nyaya za taa za saa, kioo cha sanduku, na kibao chenye vile vipande viwili vya kadibodi, cha sentimita 3.35 na cha milimita 9, vilivyobandikwa bega kwa bega. Kibao kitakaa mbele, kimo cha mkono wa mtoto, bila kioo, ili vishikwe.